Risala ya Wasemaji wa Kiswahili Tunaoishi Marekani kuhusu Fedha Taslimu Zinazotolewa kwa Kadi za Mkopo

Kwa wakuu wa benki zinazotoa kadi za mkopo. Wakuu wa kampuni za kutuma fedha ng'ambo. Viongozi wa vyama vya akiba na mikopo na wa mashirika ya kupokea wakimbizi. Pamoja na waheshimiwa wabunge na maseneta wanaoyawakilisha majimbo yetu Washington.

Waheshimiwa,

Sisi tunaowaandikia tumetoka Dar es Salaam na Tanga, Mombasa na Unguja, Bukavu, Uvira na Goma, na wengi wetu tulipitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Kakuma kabla ya kufika hapa. Leo tuko Louisville na Lexington, Des Moines, Columbus, Houston, Portland ya Maine na kwingineko. Tunatunza wazee, tunabeba maboksi kwenye maghala, tunakata nyama viwandani, tunaendesha malori, tunafundisha na kuuguza. Tunalipa kodi zetu. Na kila mwezi tunatuma fedha nyumbani, kwa sababu kule kuna wazazi wasio na pensheni na watoto wanaosubiri karo.

Malalamiko yetu yana kiini kimoja. Ndani ya kila kadi ya mkopo kuna mkopo wa pili, ghali kuliko ule wa kwanza, na mtu huingizwa ndani yake bila kuulizwa. Tunataka aulizwe.

Mwenye kadi akinunua unga, viatu vya mtoto au matairi ya gari, benki humpa nafasi. Akilipa deni lote kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye taarifa ya mwezi, halipi riba hata senti moja. Kadi hiyo hiyo ikitoa noti kwenye ATM, kila kitu hubadilika. Inakatwa ada papo hapo, mara nyingi asilimia 5 ya kiasi kilichotolewa au dola 10, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Mwenye mashine naye anachukua chake. Riba ina kiwango chake peke yake, kwa kadi nyingi karibu asilimia 30 kwa mwaka, na inaanza kuhesabiwa siku ile ile. Hata ile ada inaingizwa kwenye deni ili nayo izae.

Chukueni dola 600. Ada ni dola 30, kwa hiyo deni linaanza likiwa dola 630. Kwa riba ya asilimia 30 linaongezeka kwa zaidi ya nusu dola kila siku. Mtu akilipa yote baada ya siku 60 atakuwa ametoa dola 661, mbali na ada ya mashine. Ni dola 61 kwa kukaa na dola 600 miezi miwili. Ukikokotoa kwa mwaka, ada na riba pamoja, zinapita asilimia 60. Kwenye karatasi ya kadi imeandikwa 30. Anayechukua kidogo anaumia zaidi: ada ya dola 10 juu ya dola 60 ni sehemu moja ya sita ya fedha zenyewe, imeondoka kabla riba haijagusa kitu.

Kama jambo hili lingekuwa la ATM peke yake, pengine tusingewaandikia. Mtu anayechomeka kadi ya mkopo kwenye mashine anaziona noti mkononi, na anajua amekopa. Lakini wengi wa waliotozwa kati yetu hawajawahi kuchomeka kadi ya mkopo kwenye ATM yoyote. Wametozwa kwa kutuma fedha nyumbani.

Inakuwa hivi. Unafungua programu ya kutuma fedha kwenye simu, unaandika namba ya M-Pesa ya mama, kisha unaulizwa utalipa kwa njia gani: akaunti ya benki, kadi ya debiti au kadi ya mkopo. Njia hizo tatu zimepangwa pamoja kana kwamba ni sawa. Ukigusa ya tatu, benki nyingi hazihesabu kwamba umenunua huduma ya kutuma fedha. Zinahesabu kwamba umechukua taslimu. Kampuni ya kutuma hukuonyesha mapema ada yake, kiwango cha kubadilisha fedha na kiasi kitakachomfikia mpokeaji. Sheria imeilazimisha kufanya hivyo tangu Oktoba 2013, na kwa hilo tunashukuru. Ada ya benki iliyotoa kadi haimo kwenye ukurasa ule. Itaonekana kwenye taarifa ya mwezi, wakati fedha zimeshalipa hospitali au zimeshanunua sanda.

Mwenzetu mmoja, anayefanya kazi ya usiku ya kutunza wazee, alifiwa na kaka yake huko Kigoma. Msiba hausubiri siku ya mshahara. Alituma za jeneza, akatuma za kusafirisha mwili, akatuma za chakula cha waombolezaji, kila mara kiasi kidogo kadiri simu zilivyokuwa zinaingia. Kila mara aliiona ada ya kampuni akaikubali. Benki yake ikamkata ada ya taslimu kwa kila muamala, na kwa kuwa kila kiasi kilikuwa kidogo, kila mara ilikuwa ile ada ya kima cha chini, dola 10, pamoja na riba ya kuanzia siku ya kwanza. Alipopiga simu kuuliza aliambiwa masharti yote yamo kwenye mkataba wa kadi. Yamo kweli. Yamo katika Kiingereza cha mawakili ambacho hata wale waliosoma vyuo vya hapa walikisoma na kukirudia, na mle ndani tukakuta kutuma fedha kumewekwa kundi moja na kununua tiketi za bahati nasibu na chipu za kasino. Tunasema wazi kwamba hilo linatuvunjia heshima. Fedha za kumzika ndugu si fedha za kamari, na benki inayotazama taarifa za mteja wake miaka nenda rudi inaijua tofauti hiyo.

Tangu Januari 1, 2026 hatari imezidi. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imeweka kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje iwapo mtumaji analipa kwa noti, kwa hawala ya posta au kwa hundi ya benki. Anayelipa kutoka akaunti yake, au kwa kadi ya debiti au ya mkopo iliyotolewa hapa Marekani, hatozwi. Wazee wetu waliozoea kwenda dirishani na noti sasa wanaambiwa na vijana watumie kadi wakwepe kodi. Wanaambiwa "kadi" tu, na mfukoni wanazo mbili zinazofanana. Mzee anakwepa kodi ya dola 2 kwenye dola 200, anaangukia ada ya dola 10 na riba juu yake. Bunge lililoandika msamaha ule liliweka kadi ya debiti na kadi ya mkopo katika sentensi moja. Kwa hiyo jukumu la kuwaonya watu ni la Bunge pia.

Tuwaeleze na jambo linalowaumiza Waislamu walio kati yetu, maana hatujawahi kusikia likitajwa na yeyote mwenye mamlaka. Wengi wao wanaotumia kadi ya mkopo wamejiwekea sharti moja: kulipa deni lote kila mwezi ili wasitoe riba kamwe. Wapo masheikh wanaoiruhusu kadi kwa sharti hilo, wapo wasioiruhusu kabisa, na huo si mjadala wa kuleta hapa. Tunachosema ni kwamba mtu huyu amechukua kila tahadhari aliyoelekezwa. Miaka yote hajachelewa hata mara moja. Siku anapomtumia mama yake fedha za futari kwa kadi hiyo, riba inaanza kabla hajaweka simu chini, na hakuna tarehe ambayo akiiwahi kulipa riba hiyo haitakuwepo. Ametendeshwa kwa mkono wake jambo alilolikataa kwa imani yake, bila mtu kumuuliza neno moja. Ni vigumu kuwaelezea uzito wa hilo, waheshimiwa. Kuna mama mmoja aliyelia mbele yetu kwa ajili ya dola nne, na si dola nne zilizomliza.

Njia ya kulipa deni la taslimu nayo inamwonea maskini. Sheria ya kadi za mkopo ya 2009, iliyosainiwa na Rais Obama, ilisahihisha dhuluma kubwa: kila unacholipa juu ya kiwango cha chini cha mwezi lazima kiende kwanza kwenye deni lenye riba kubwa zaidi. Lakini kile kiwango cha chini chenyewe benki bado ina ruhusa ya kukipeleka kwenye deni la riba ndogo. Mtu ana dola 1,500 za manunuzi na 600 za taslimu. Analipa dola 60 alizotakiwa, na zote zinaweza kwenda kwenye zile 1,500. Zile 600 zinabaki zinazaa. Anayeweza kulipa kiwango cha chini tu, yaani aliyebanwa kuliko wote, ndiye ambaye marekebisho ya 2009 hayakumfikia. Na hata anayejitahidi akalipa deni lote lililoandikwa, mwezi unaofuata anakuta dola kadhaa za riba ya zile siku kati ya taarifa kutoka na malipo kufika. Watu wetu wamedhani ni wizi, wakapuuza, wakaandikiwa kuchelewa kulipa.

Halafu kuna hundi. Benki zilizotoa kadi huzituma kwa posta zikiwa zimechapishwa jina la mtu, mbili au tatu kwenye bahasha moja na barua ya kumpongeza. Aliyekulia mahali ambapo benki haimwandikii mtu hundi ila ana fedha zake, anaamini ni zake. Nyingi za hundi hizo hutozwa kama taslimu.

Tunawaomba mashirika ya kupokea wakimbizi mtusikilize kwa makini hapa. Mkimbizi anashuka kwenye ndege akiwa na deni tayari, kwa sababu nauli ya familia yake ni mkopo wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Mkopo ule hauna riba. Ndio mkopo wa kwanza wa Marekani anaoujua, na anaulipa kidogo kidogo kwa uaminifu. Kisha anaambiwa, na ni kweli, kwamba bila historia ya mkopo hatapangishwa nyumba nzuri wala hatapata gari kwa bei nafuu, kwa hiyo achukue kadi. Mafunzo yenu yanamwambia alipe kwa wakati, asipite kikomo, asimpe mtu namba yake ya siri. Yote mema. Hayamwambii kwamba kadi ile ina mkopo mwingine ndani yake wenye bei nyingine. Anailinganisha kadi na mkopo wa nauli, na kulinganisha kwake kuna mantiki kamili.

Mtatuuliza kwa nini hatuendi kwenye mabunge ya majimbo yetu. Tulijifunza sababu tukiwa kwenye matayarisho ya risala hii. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya benki ya Marquette ya Minneapolis na benki moja ya Omaha, kwamba benki ya kitaifa inaweza kumtoza mteja riba ya jimbo lenye makao yake, popote mteja alipo. South Dakota ikaondoa kikomo chake cha riba, na Citibank ikahamishia biashara yake ya kadi Sioux Falls mwaka 1981. Tangu hapo mtu wa Kentucky au Iowa anatozwa kwa sheria ambazo yeye na mbunge wake wa jimbo hawakuzipigia kura. Mwaka 2016 wananchi wa South Dakota wenyewe walipiga kura kuweka kikomo cha asilimia 36 kwa wakopeshaji wa muda mfupi, lakini benki hazikuguswa. Kwa hiyo mlango tuliobakiwa nao ni wa Washington, na ni wenu mliotoa kadi.

Sasa madai yetu.

Kwa benki: uwezo wa kutoa taslimu kwa kadi ya mkopo ufungwe tangu siku kadi inapotolewa, na ufunguliwe pale tu mwenye kadi anapoomba mwenyewe baada ya kuelezwa bei yake kwa dola. Msituambie haiwezekani. Tangu 2010 sheria inawakataza kumtoza mteja ada ya kupitisha salio kwenye ATM na kwenye manunuzi ya kadi ya debiti mpaka awe amekubali kwanza, na mashine zenu ziliweza. Na mteja akiwapigia simu leo akaomba kikomo chake cha taslimu kishushwe hadi sifuri, baadhi ya benki zinalifanya hilo palepale. Tunachodai ni kwamba hali hiyo iwe ya wote tangu mwanzo, si ya wachache walioambiwa siri na binamu yao.

Kutuma fedha kwa familia kuondolewe kwenye kundi la bahati nasibu na kasino. Kuhesabiwe kuwa ununuzi, au kukataliwe kabisa wakati wa kulipa, mtu achague njia nyingine. Kima cha chini cha ada, dola 10, kifutwe, maana kinamlenga anayetuma kidogo. Ada isizae riba. Na anayetozwa kwa mara ya kwanza bila kujua apewe siku za kurudisha fedha hizo bila ada wala riba. Hundi ambazo hatukuziomba zisitumwe tena majumbani kwetu.

Kwa kampuni za kutuma fedha: mnajua mteja amechagua kadi ya aina gani kabla hajabonyeza kutuma, kwa sababu tarakimu za mwanzo za kadi zinawaambia. Basi wekeni onyo hapo hapo, kwa Kiswahili kwa anayetumia programu yenu kwa Kiswahili, kwamba benki yake inaweza kumkata ada na riba ya kuanzia leo. Kampuni isiyotaka kuweka onyo hilo iache kupokea kadi za mkopo.

Kwa waheshimiwa wa Bunge: rekebisheni sheria ya 2009 ili kila dola ya malipo, hata ile ya kiwango cha chini, ianze na deni la riba kubwa. Wanajeshi na familia zao wana kikomo cha asilimia 36 kwa sheria ya 2006. Vyama vya akiba na mikopo vya kitaifa vina kikomo cha asilimia 18. Hakuna sababu tuliyoelezwa ya sisi wengine kutokuwa na chochote. Februari 2025 Seneta Sanders wa Vermont na Seneta Hawley wa Missouri, watu wa mirengo inayopingana, walileta pamoja muswada wa kuweka kikomo cha asilimia 10 kwa kadi za mkopo. Tunauunga mkono, na tunasisitiza kwamba katika sheria yoyote mtakayopitisha ada ya kutoa taslimu ihesabiwe ndani ya kikomo. Ikiachwa nje, riba itashushwa na ada itapandishwa.

Kwa vyama vya akiba na mikopo hatuna lawama nyingi, tuna ombi. Kwa kadi ya asilimia 18 isiyo na ada ya taslimu, na baadhi yenu mnazo, zile dola 600 za siku 60 zingegharimu kama dola 18 badala ya 61. Tofauti hiyo ni karibu na kiroba cha mchele na mafuta ya kupikia. Lakini matawi yenu hayapo mitaani kwetu, saa zenu za kazi ni saa zetu za kazi, na hamna mtu ndani anayezungumza lugha yetu. Ajirini vijana wetu. Wamesoma, wanahitaji kazi, na wazee watawaamini.

Mashirika ya kupokea wakimbizi, ongezeni somo hili kwenye mafunzo yenu ya miezi mitatu ya kwanza, lifundishwe kwa Kiswahili na mtu aliyewahi kulipa deni la namna hii.

Sisi wenyewe hatukukaa tu. Wengine wetu tunacheza upatu, wengine tuna chama, wenzetu wa Kongo wana likelemba na wa Rwanda wana ikimina. Tumeanza kutenga sehemu ya michango hiyo ya kupeana kwa zamu kuwa mfuko wa misiba na magonjwa, ili simu ya usiku isimkute mtu ana kadi peke yake. Misikitini na makanisani tunawaeleza watu wapige namba iliyo nyuma ya kadi, na maneno ya kusema ili kikomo cha taslimu kishushwe. Hayo tutaendelea nayo mkitujibu au msipotujibu. Hata hivyo mfuko wa wabeba maboksi hauwezi kupambana na mkataba ulioandikwa ili usieleweke, na hatupaswi kuachiwa sisi kazi ya kuwaeleza wateja wenu bei ya bidhaa yenu.

Tunaomba kila mmoja wenu atujibu kwa maandishi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, akitaja dai analolikubali, analolikataa na sababu yake. Majibu tutayasoma mbele ya watu wote, kama tulivyoyasoma malalamiko haya kabla ya kuyatuma. Atakayependa kuja kuzungumza nasi ana kwa ana atapokelewa. Siku nzuri ni Jumapili alasiri, wakati zamu za viwandani zinapopishana.

Tunawasilisha.